Plasta Kwenye Kioo cha Kompyuta

Somoe mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kupitia ukutani. Unafunga zipu ya begi, unaifungua, unatoa kitu, unaifunga tena. Mama yako ameshakuambia habari ya sweta, ya baridi ya Mbeya, na ya kutokula vya njiani kabla ya kufika Songea, na kesho stendi atayarudia yote tangu mwanzo. Mimi hayo nayaruka.

Naandika kwa sababu ya maneno niliyoyasikia juzi. Nilikuwa nyuma ya jiko natengeneza mlango wa banda la kuku, wala hukujua nipo. Ulimwambia mama yako, "Mama, nataka niwapigie simu wale wa kazi ya Mbeya wanisubiri mpaka msimu wa korosho uishe. Baba peke yake hataiweza ile programu ya ghalani. Ikimgomea siku ya foleni kubwa, chama cha ushirika kitarudi kwenye makaratasi, na atakayechekwa ni yeye, siyo mimi."

Mama yako akakuuliza, "Umemwambia mwenyewe?"

Ukajibu, "Nimwambie nini? Atanyamaza tu."

Nikabaki na msumari mkononi. Nikanyamaza, kama ulivyosema.

Nimekaa na maneno hayo siku mbili. Nimejaribu kukuita mara tatu, na kila ulipoitika "Abee baba" nilikutuma kitu kingine: maji, kalamu, miwani. Sasa nimechukua karatasi. Unajua mimi mambo yangu huwa nayaandika kila siku, tarehe juu, na kwenye karatasi ulimi wangu ni mwepesi kidogo.

Kwanza nikuambie jambo ambalo hulijui. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata nafasi ya kwenda Mtwara kusomea upigaji chapa na ukarani. Barua ya chuo ilikuja wakati mikorosho inataka kupulizwa dawa ya salfa, na babu yako hakuwa na mwingine wa kumsaidia. Jioni mbili za mwisho nilikaa naye uani akinoa mapanga. Nilikuwa nasubiri neno moja tu, nenda au baki. Alinoa panga la kwanza, akanoa la pili, akaomba maji, akaingia ndani. Nikakichukua kile kimya nikakisoma nilivyotaka mwenyewe. Nikasema mzee ananihitaji. Basi likaondoka, mimi nikaenda shambani.

Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa na wewe ukiwa umeanza kutambaa, aliniuliza ghafla, "Hivi Mtwara ulikataa kwa nini?"

Sikatai maisha niliyopata. Ningekwenda Mtwara labda nisingepanda Newala mwaka ule na kumkuta mama yako kwenye foleni ya maji. Lakini swali lile la babu yako bado ninalo. Sitaki nije nikuulize wewe la kwako nikiwa kitandani.

Haya ya kimya ulinieleza wewe mwenyewe vizuri kuliko mtu yeyote, ingawa ulikuwa unazungumzia kompyuta. Ulisema, "Baba, dirisha lisilojibu linamtisha mtu. Ukibonyeza kitufe na kitu kisitokee, utabonyeza tena, halafu tena, halafu utasema umeharibu. Programu lazima iseme inafanya nini." Nililiandika kwenye daftari langu siku ileile. Sikujua kwamba nami nimo.

Sasa ngoja nikuambie nilichokiona mimi katika misimu hii, kwa sababu naona wewe unakumbuka makosa tu.

Kompyuta ilipoletwa chamani ulikuwa bado chuoni. Mwenyekiti alinikabidhi mbele ya wajumbe, kisha akaninong'oneza, "Karani, hicho kitu ukikigusa vibaya kinafuta chama kizima." Mimi nikachukua kitambaa cha kufuma cha mama yako, kile chenye maua ya zambarau, nikaifunika. Ilikaa chini ya maua msimu mzima. Wageni waliokuja ofisini waliisifu kama wanavyosifu kabati la vyombo. Mimi niliendelea kuandika kwa mkono, mtu baada ya mtu, gunia baada ya gunia, na nilijiambia kwamba naitunza. Kumbe naiogopa, na woga wenye kitambaa kizuri juu yake haumwaibishi mtu.

Uliporudi kutoka chuo ulikivuta kile kitambaa bila kuniomba ruhusa. Ukakikunja vizuri, ukakiweka mezani, ukasema, "Baba, tuanze." Watu walikushauri utengeneze kitu cha kwenye simu au cha mtandaoni, kwamba ndivyo dunia inavyokwenda. Ukawauliza, "Pale ghalani mtandao unashika?" Wakacheka, maana hapa Lisekese mtandao unaushika ukipanda juu ya magunia. Ndipo ukaamua programu ikae ndani ya kompyuta yenyewe, ifanye kazi hata pasipo mtandao. Nilifurahi kukuona unachagua kwa kuangalia ghala letu.

Programu ya kwanza ilikuwa nzuri kama mwaliko wa harusi. Rangi ya samawati, vitufe vyenye kona za mviringo, na visanduku vitatu vyenye nyota nyekundu: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Bila kujaza vyote vitatu, dirisha la kupimia halifunguki. Siku ya kwanza ukakaa wewe kwenye kompyuta, mimi nikasimama mizanini.

Akaja Chande na magunia mawili juu ya pikipiki. Huyo ndiye Chande wa bodaboda, ambaye akiita abiria stendi ya Masasi mwangwi unarudi kutoka kwenye ile milima ya mawe.

"Shikamoo kaka Chande."

"Marahaba mdogo wangu. Nipimieni upesi nirudi kijiweni."

"Jina la mwenye mzigo?"

"Za Mama Asha hizi."

"Mama Asha nani? Naomba majina matatu."

"Mama Asha wa kule kisimani."

"Kompyuta haijui kisima, kaka. Nitajie jina lake kamili."

Chande akaanza kuangalia kandambili zake. Asha ni mkewe. Mama Asha ni mkwe wake, na mkwe hatajwi jina, hata awe amesafiri, hata awe hasikii. Wewe umelijua hilo tangu ukiwa mtoto. Mimi mwenyewe mama wa mama yako hujawahi kunisikia nikimwita jina. Lakini wakati ule macho yako yalikuwa kwenye kile kisanduku chenye nyota, na kisanduku kilikuwa kinasubiri.

Foleni haikumwacha. Mama mmoja akasema, "Chande, ulimi umeusahau stendi leo?" Mwingine akadakia, "Mtaje mkweo tumsikie! Mbona abiria unawataja mpaka ukoo?" Na yule mzee wa mwisho akamalizia, "Mwacheni. Akimtaja, leo analala kwenye pikipiki."

Ukauliza mara ya tatu, kwa sauti ya juu zaidi. Chande akainama, akabeba gunia la kwanza, akabeba la pili, akafunga kamba, akaondoka nayo kama alivyokuja. Na mimi nilikuwa pale pale mizanini, jina la yule mama ninalo kichwani. Zamani ningeliandika bila kuuliza, na Chande angetazama pembeni, na mambo yangekwisha. Ningeweza kukuita nikunong'oneze. Sikufanya hivyo.

Njiani kurudi nyumbani ulisema, "Programu haina kosa, baba. Watu ndio hawajazoea." Sikujibu. Niliandika tu kwenye daftari: Somoe amekosea, na mimi nimenyamaza.

Asubuhi yake ulichukua baiskeli ukatoka, hukusema unakwenda wapi. Nilikuja kuambiwa na Mama Asha mwenyewe alipopita ghalani. Alisema, "Alikuja mwanao, Baba Somoe. Akapiga magoti, shikamoo, akaniomba radhi kwa ajili ya mkwe wangu. Nikamwambia, mwanangu, huyu kijana ana adabu zake. Angelitaja jina langu mbele za watu, jioni asingekuja tena, ningempikia nani? Halafu jina lenyewe hilo la kwenye kadi, hata mimi nalisikia siku ya kupiga kura tu." Akacheka mpaka akashika nguzo.

Ninachotaka ujue ni hiki. Mimi nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti, na wengi ni watu wazuri. Lakini sijaona mtu aliyetoka kwenye kazi yake aliyoimaliza, nzuri, inayong'aa, akapanda baiskeli kwenda kuuliza imemuumiza nani. Ulikuwa bado una hasira asubuhi ile. Niliiona kwenye namna ulivyoifuta baiskeli vumbi. Ulikwenda nayo hiyohiyo hasira.

Uliporudi hukugusa kompyuta. Ulivuta kigoda ukakaa pembeni ya mizani na penseli na kalenda ya zamani, ukawa unachora nyuma yake. Wajumbe wakaniuliza, "Mwanao vipi, kompyuta imemshinda?" Nikawaambia anaangalia. Uliona kwamba wanaoleta mizigo mara nyingi siyo wenye mizigo. Ukaona vidole vyangu vina vumbi la korosho na mausi inateleza, basi ukapanga kazi nyingi ziende kwa kibodi, kisanduku kimoja hadi kingine, bila kunyanyua mkono. Ukaona miwani yangu, ukakuza herufi. Halafu siku moja ukaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza katika miaka yangu yote ya ukarani: "Baba, mtu akisimama mbele yako, wewe kichwani unaanza kumtafuta wapi?"

Nikakuambia kwamba naanza na sura. Kisha ni mama au baba wa nani. Kisha anakaa upande gani. Jina la kwenye kadi linakuja mwisho, kama mkia.

Basi ukalifuta lile dirisha zuri. Nilikuona ukilifuta na niliumia kuliko wewe. Badala yake ukaweka kisanduku kimoja kikubwa. Andika chochote: jina, Mama Asha, kisimani. Kila herufi ninayoandika, majina yanapungua chini yake mpaka wanabaki wachache. Na ukaomba kile kioo cha kompyuta cha zamani kilichokuwa stoo, ukakiunganisha, ukakigeuza kuelekea kwa watu, ili anayeleta mzigo aone ninachokiona mimi.

Chande aliporudi na magunia yake, ukaandika Mama Asha, wakatokea wanne, kila mmoja na mahali anapokaa. Ukamwambia, "Kaka, usiseme kitu. Onyesha tu." Akanyoosha kidole, akagusa kioo kidogo, akakitoa haraka kama kimemchoma.

"Kamtaja kwa kidole!" wakapiga kelele wa kwenye foleni.

"Kidole hakina mkwe!" Chande akajibu, na sauti yake ya stendi ikawa imerudi.

Siku hiyo nilisimama mizanini nikajifanya nasoma uzito, kwa sababu macho yangu yalikuwa hayasomi.

Kuna habari ya plasta, na hii najua utacheka. Nilipoanza kukaa mwenyewe kwenye kompyuta niliandika hatua zote kwenye daftari, nikazikariri kama sala. Kitufe cha Hifadhi kilikuwa kinanipotea, basi nikachukua kipande cha plasta ya kidonda, nikakibandika kwenye kioo, chini kidogo ya kitufe, kiwe kama kidole cha kunionyesha. Mtu mzima, karani, nina plasta kwenye kompyuta. Watoto waliopita dirishani waliuliza kompyuta imeumia wapi.

Kisha ukapanga upya vitufe ili vipendeze. Hukuniambia, na mimi sikusoma. Nilipeleka mshale juu ya plasta nikabonyeza, na pale palikuwa pamekaa Futa. Kazi ya asubuhi ya mzee mmoja ikaondoka, naye bado amesimama anasubiri karatasi yake. Ilibidi tumpimie upya. Ulipofika ukaona plasta, ulicheka mpaka machozi yakakutoka. Halafu ukaacha kucheka.

Nikasema, "Kosa langu. Ningesoma."

Ukasema, "Hapana baba. Mkono wako ulikuwa umeshajua njia. Mimi ndiye niliyehamisha nyumba."

Kesho yake nilikuta Hifadhi imerudi juu ya plasta. Hukuibandua. Uliihamisha programu nzima ifuate plasta ya mzee. Na Futa ukaipeleka mwisho kabisa wa dirisha, upande mwingine, na kabla ya kufuta inauliza: Una hakika? Na hata baada ya kufuta, kuna kitufe cha kurudisha.

Nimeyafikiria sana hayo. Mimi kama baba nilitumia miaka mingi kukuambia wewe uzoee: uzoee bweni, uzoee kiti cha nyuma, uzoee uji usio na sukari. Sikumbuki hata siku moja niliyosogeza kitufe kikufuate wewe.

Haikuwa rahisi kwako, na sitaki ukifika Mbeya ujifanye ilikuwa rahisi. Nakumbuka ile wiki ya printa. Nikibonyeza Chapa, dirisha lote linaganda kama limekufa, na mimi kwa woga wangu nabonyeza tena na tena, risiti zinatoka tatu za mtu mmoja. Ulinieleza kwamba programu yako ilikuwa kama karani mmoja: akienda kuhangaika na printa, hakuna anayesikiliza dirishani. Inatakiwa wawepo wawili, mmoja ahangaike nyuma, mwingine abaki anawasikiliza watu. Kulieleza ilikuwa dakika moja, kulifanya kukakushinda. Wale wawili uliowaweka wakawa wanagombania kalamu moja, ndivyo ulivyoniambia, na programu inajifunga yenyewe. Siku ya nne ulifunga laptopu kwa kishindo, ukaenda kuokota korosho na mama yako kutwa nzima, ukarudi unanuka mabibo, ukakaa, ukaliweka sawa kabla ya maghrib. Mama yako anasema ulikuwa unaongea peke yako chini ya mikorosho. Anadai jibu ni lake.

Na nakumbuka umeme ulipokatika mara ya kwanza. Umeme uliporudi, kompyuta iliwaka ikaniletea neno Hitilafu na tarakimu nyingi nisizozielewa. Mimi nikachukua kitambaa cha maua nikaifunika tena. Ulinikuta nimekaa mbele yake kama mtu aliyefiwa. Hukunicheka siku hiyo. Uliniuliza, "Baba, ungependa ikuambie nini?" Nikasema, "Iniambie tu kama nimeharibu." Ukaandika maneno yale, na ukafanya kazi ya kuyafanya yawe kweli, kila mzigo ujihifadhi wenyewe mara tu unapopimwa: Umeme ulikatika. Hakuna kilichopotea. Endelea ulipoishia.

Huko Mbeya utawakuta vijana wanaojua zaidi yako. Acha wajue. Uliniambia wanatengeneza programu za maduka ya dawa na hospitali ndogo, na kwamba wanaandika kwa lugha ya kompyuta ambayo wewe umeigusa tu. Utaishika. Nimekuona ukishika kitu, nimekuona na hasira yako na penseli yako. Hiyo miezi mitatu ya majaribio isikutie homa. Usifiche usichokijua. Ukikwama, sema nimekwama, na useme mapema. Kukaa kimya mpaka mtu akufikirie vibaya ni ugonjwa wa nyumba hii, na umeurithi kidogo upande wangu.

Uliniuliza wiki iliyopita uwaonyeshe kazi gani siku ya kwanza, na ukasema ya ghalani ni ya kishamba, haina rangi, utatengeneza nyingine ya haraka ya kupendeza. Fanya utakavyo, wewe ndiye fundi. Lakini mimi ningewaonyesha hii. Ningewaambia kwa nini kioo kimoja kimegeuzwa. Ningewahadithia Chande. Wakicheka, waache wamalize, kisha waulize mgonjwa wa hospitali yao akiletwa na mkwewe, nani atamtaja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Leo nilikulazimisha upande Newala kumuaga bibi yako, na ukalalamika kwamba leo ni siku ya foleni kubwa. Nilijua. Bibi yako angeweza kuagwa jana. Nilikutuma leo makusudi, ili usiwepo.

Nilifika ghalani mapema nikawasha. Mizigo ikaanza. Nilikuwa na daftari la hatua pembeni, na karibu na saa nne nikagundua kwamba sijalifungua. Mchana umeme ukakatika, kama ambavyo ungetegemea. Foleni ikanung'unika. Mama mmoja akauliza, "Karani, zimepotea?" Nikamwambia angoje. Umeme uliporudi, nikasimama pembeni ya kile kioo chao, nikawasomea kwa sauti kama nasoma tangazo: "Umeme ulikatika. Hakuna kilichopotea. Endelea ulipoishia." Mzee mmoja akasema, "Hiyo mashine ina adabu." Tukaendelea.

Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri. Karatasi ilikwama kwenye printa, nikaichana nusu kabla ya kuitoa. Na jioni, kwenye jumla ya siku, nilibonyeza na haikuja. Ukanijia ule mkono wangu wa zamani wa kubonyeza mara tatu, nikauzuia. Nikasoma dirisha. Lilikuwa limeandika: Chagua siku kwanza. Nikachagua siku. Jumla ikaja. Somoe, ulikuwa Newala unakunywa chai kwa bibi yako, na ulikuwa pale unaniambia la kufanya.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Chande. Akanyoosha kidole chake kwenye kioo, akamaliza, lakini hakuondoka.

"Baba Somoe, dada anaondoka kweli kesho?"

"Anaondoka."

"Sasa hiki kitu nani atatushikia?"

"Mimi."

"Wewe?" Akachungulia upande wangu wa meza. "Na plasta yako hiyo?"

Nikaitazama. Imekaa pale misimu miwili, imekuwa nyeusi kingoni. Nikaingiza ukucha chini yake, nikaibandua. Iliacha gundi kwenye kioo, nikaifuta na kitambaa cha maua cha mama yako, ambacho sasa kazi yake ni hiyo. Kisha nikamwambia Chande alete gunia lolote, hata tupu, nimpimie tena. Akaweka kofia yake ya pikipiki mizanini. Nikaandika, nikapeleka mshale, na mkono ukaenda wenyewe. Hifadhi. Chande akapiga makofi. Kofia yake imo kwenye kompyuta ya chama kama korosho daraja la kwanza, na kesho asubuhi nitaitoa kwa kutumia ile Futa ya mbali, na nitakapoulizwa kama nina hakika, nitajibu.

Usiwapigie Mbeya. Chama hakitarudi kwenye makaratasi, na kikirudi hakitarudi kwa sababu yako. Ikigoma kabisa nitakupigia, nitapanda juu ya magunia niutafute mtandao, nitakuambia nimekwama. Nimeanza kujifunza kulisema neno hilo.

Plasta nimeibandika hapa chini ya ukurasa. Imebakiza gundi kidogo. Ukipewa kompyuta huko, iweke pembeni ya fremu, mahali ambapo haitamzuia mtu kusoma, na ukitaka kuhamisha kitufe, iangalie kwanza.

Barua hii naiweka juu ya begi lako uikute kabla hatujatoka, usiisomee kwenye basi. Nataka uisome nikiwa nimesimama mlangoni, ili ukinyanyua macho unione.

Ulimwambia mama yako nitanyamaza. Nenda, mwanangu. Nimesema.

Baba yako